Milio ya kokoto: wastani peke yake hautoshi

Mkuu, umeuliza kama milio inayotoka ukikandamiza kopo la kokoto inakuja ovyo au ina mpangilio, na kwamba umeshapata wastani wa muda kati ya mlio na mlio. Huo wastani peke yake hautakwambia kitu.

Nimelifanya jaribio hili na wanafunzi wangu wa fizikia. Kokoto kavu kwenye kopo, kibao juu yake, juu ya kibao ndoo tuliyoijaza maji taratibu kwa mpira. Mdomo wa mpira tuliuzamisha ndani ya maji yasije yakapiga kelele. Simu iliegemea ubavu wa kopo ikirekodi.

Mara ya kwanza tuliharibu. Mlio mmoja ulilifanya kopo livume, kompyuta ikauhesabu mara tatu, tukashangilia "makundi" ambayo hayakuwepo. Dondosha kokoto moja tu, pima kopo linavuma kwa muda gani, halafu iambie programu ipuuze chochote ndani ya muda huo baada ya kila mlio.

Sasa chukua vipindi vya ukimya. Kama mlio hauhusiani na uliotangulia, na kasi ya milio haibadiliki, vipindi kama 37 kati ya 100 vitauzidi wastani. Vyetu vilivyouzidi vilikuwa vichache zaidi, ila virefu mno. Vingine vyote vifupi vifupi. Yaani milio hufuatana kwa pamoja, kisha kimya. Sababu ni kwamba uzito haugawanyiki sawasawa: unabebwa na mistari michache ya kokoto zilizobanana. Moja ikiteleza, mzigo wake unaziangukia jirani zake, nazo zilikuwa karibu kuteleza.

Kilichonigusa zaidi ni tulipofunga maji. Milio iliendelea, ikipungua. Tulihesabu kati ya sekunde ya 1 na 2, ya 2 na 4, ya 4 na 8, ya 8 na 16: idadi zilikaribiana, ingawa kila kipindi kilikuwa kirefu mara mbili ya kilichotangulia! Ndivyo Omori, mtaalamu wa matetemeko wa Japani, alivyoeleza mwaka 1894 kuhusu mitetemo midogo inayofuata tetemeko kubwa: kasi ya kutokea kwake hupungua kadiri muda unavyozidi, muda ukiwa mara mbili kasi huwa kama nusu.

Kwa hiyo hifadhi saa ya kila mlio, usibaki na wastani. Na kila ukirudia, mwaga kokoto ujaze upya, maana zilizokwisha kukandamizwa hunyamaza mpaka uzito uuzidi ule wa mwanzo.