Maswali yenu: volti za skrini zinaishia wapi?

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Natumia TV ya inchi 32, ya volti 12, kwa sola. Betri inaisha kabla taarifa ya habari ya saa mbili haijamalizika. Jirani ananishauri nifunge kifaa cha kushusha volti hadi 10 ili TV ile umeme kidogo. Nifunge?
Msomaji, Kahama

JIBU: Usifunge, ndugu yetu. Balbu ya zamani ukiibania volti inafifia na kula kidogo, lakini TV haiko hivyo. Bodi yake ya pawa inahakikisha taa na prosesa vinapata kile kile vinachotaka, kwa hiyo ukiishushia volti inavuta ampea zaidi kufidia. TV ya wati 36 inavuta ampea 3 kwenye volti 12, na ampea 3.6 kwenye volti 10. Sasa tazama waya. Mita 10 za waya wa milimita za mraba 1.5, kwenda na kurudi, zina ukinzani wa kama omu 0.24. Kwa ampea 3 waya unakula wati 2.2, kwa ampea 3.6 unakula wati 3.1. Hapo hatujataja joto la kifaa chenyewe. Utakuwa umenunua hasara.

Umeme mwingi wa TV ya LCD unaishia kwenye taa zilizo nyuma ya kioo, na kioo chenyewe kinapitisha chini ya sehemu moja ya kumi ya mwanga wake. Punguza hapo. Ingia menyu ya picha, tafuta palipoandikwa Backlight, siyo Brightness. Kwenye TV nyingi hiyo ya pili inachezea weusi wa picha tu, taa zinabaki zilivyokuwa. Usiku sebuleni, nusu inatosha kabisa. Kama TV umeiunga kwenye matundu ya mzigo ya kontrola ya sola, soma ampea kabla na baada. Namba isiposhuka, ujue hujagusa taa.

SWALI: Mimi ni fundi. TV ya inchi 32 ina stripu mbili za taa, kila moja LED 6, zimeungwa mfululizo. Nimebadilisha stripu moja. Sasa taa zinawaka hafifu sekunde mbili, kisha giza, sauti inaendelea. Volti za taa zinapanda hadi 50 na kukatika. Zamani zilikuwa 37. Bodi imekufa?
Fundi, Morogoro

JIBU: Bodi ni nzima, fundi, umefunga stripu ya LED za volti 6 pamoja na ya volti 3. Aisii ya taa, yaani chipu inayoziendesha, hailindi volti, inalinda mkondo. Inapandisha volti mpaka miliampea ilizopangiwa zipite, kisha inatulia. LED 12 za volti 3.1 zinahitaji 37. Ukichanganya, sita za 3.1 na sita za 6.2 zinahitaji karibu 56, na ulinzi wa bodi unakata kwenye 50 kabla hazijafikiwa. Ndiyo maana mwanga ulikuwa hafifu. Kama taa zisingewaka hata kidogo huku volti zikipanda, tungesema waya umekatika au stripu imegeuzwa chanya na hasi.

Ukishaweka stripu sahihi, punguza mkondo kidogo. TV itakula pungufu na LED zitadumu. Zima, chomoa, subiri, na upime kapasita kubwa ya pawa kabla ya kuingiza mkono, maana inaweza kubaki na volti zaidi ya 300. Fuata waya hasi wa taa hadi kwenye rizista (vipande vya kubania mkondo) ndogo zilizoungwa sambamba. Tuseme ni mbili za omu 2, yaani omu 1 kwa pamoja, na aisii inalenga volti 0.3 juu yake: huo ni mkondo wa miliampea 300. Badilisha moja iwe omu 3.9, upate omu 1.32 na miliampea 227. Volti nazo zinashuka zenyewe, tuseme hadi 36, na taa zinatoka wati 11.1 hadi 8.2. Kuchomoa rizista moja kabisa kunaleta miliampea 150, na mteja atarudi kulalamikia giza. Jihadhari na rizista ya chini ya mosfeti (transista inayowasha na kuzima umeme ili kupandisha volti za taa), ambayo aghalabu ni ya sehemu ya omu. Hiyo inapima kazi ya mosfeti, siyo mkondo wa taa. Ukiiongezea omu, taa zinaweza zisiwake kabisa.

Kwenye TV zenye mistari kadhaa ya taa inayopata volti za chanzo kimoja, aisii nzuri inaangalia mstari unaotaka volti nyingi kuliko yote na kuongeza nusu volti tu juu yake. Chukua mistari minne ya miliampea 100, inayotaka volti 30, 31, 32 na 33. Chanzo kikikaa kwenye 36 daima, wati 1.8 zinakuwa joto la bure. Kikikaa kwenye 33.5, zinapotea wati 0.8. LED moja ikipiga shoti, mstari wake unashusha volti na aisii inabeba tofauti hiyo kama joto. Ukikuta aisii inaunguza kidole huku picha ni nzuri, anzia hapo.

SWALI: Simu yangu ina kioo cha OLED. Nikiweka hali ya giza, chaji itakaa?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Inategemea mwangaza. Kwenye OLED kila nukta ni taa yake, na nukta nyeusi imezimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima mwaka 2021. Mwangaza ukiwa asilimia 100, hali ya giza iliokoa wastani wa asilimia 39 hadi 47 ya umeme wa betri. Ukiwa asilimia 30 hadi 50, ni asilimia 3 hadi 9 tu.

Kazi nyingine simu inaifanya yenyewe. Kila nukta ina transista inayoibania mkondo kama koki, na volti isiyohitajika inageuka joto ndani yake. Ukishusha mwangaza, simu inapunguza volti za kioo kizima: zikitoka 8 hadi 6.5 kwa mkondo ule ule, umeokoa karibu asilimia 19. Haizibani zaidi kwa sababu OLED iliyopoa au iliyozeeka inataka volti nyingi; zikipungua mno, bluu ndiyo kwa kawaida hufifia kwanza.

Basi washa mwangaza wa kujirekebisha, na uangalie kioo cha ulinzi ulichobandika. Kikiziba kihisi mwanga kilicho juu ya skrini, simu inadhani iko gizani na inafifia juani. Ndipo watu huzima marekebisho na kuweka mwangaza 100 kutwa.