Kinyongo na Kambodia: majibu kwa Wakhmer wa ughaibuni na wakwe zao

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wasomaji waliooa, walioolewa au wanaofanya kazi katika jamii za Wakhmer, kabila kuu la Kambodia, nje ya nchi hiyo. Tumezifupisha.

SWALI: Ndugu wahariri, baba mkwe wangu alitoroka Kambodia akapitia kambi ya Khao-I-Dang, Thailand. Serikali ya kwao ikitajwa anang'aka na kuzima televisheni. Lakini kila mwezi anatuma dola kijijini, na Aprili ikifika anashinda akilia. Anaipenda nchi yake au anaichukia? (Msomaji, Lowell)

JIBU: Vyote viwili, bwana, na mkimbana achague mtamkosea. Kwanza jueni kwamba hasira yake si moja. Ipo ya Khmer Rouge, wakomunisti wa Pol Pot, walioingia mji mkuu Phnom Penh tarehe 17 Aprili 1975 na kung'olewa tarehe 7 Januari 1979. Katikati hapo walikufa watu wanaokadiriwa kufika milioni 1.7, kwa njaa, maradhi, kazi za kuua na mauaji yenyewe. Ipo ya waliofuata. Jeshi la Vietnam lililomng'oa Pol Pot lilikaa hadi 1989. Kwa aliyebaki kijijini lile ni jeshi lililomwokoa, ila aliyekimbilia mpakani aliliona kama mvamizi mwingine. Serikali ya leo imezaliwa humo humo: Hun Sen, aliyewahi kuwa kamanda wa Khmer Rouge kabla ya kuwakimbia, alikuwa waziri mkuu tangu 1985 hadi alipomwachia mwanawe Hun Manet mwaka 2023.

Ipo pia ya mataifa. Marekani, nchi iliyompa baba mkwe wako hifadhi, ndiyo iliyomwaga mabomu kwenye vijiji vya Kambodia hadi Agosti 1973, na baada ya 1979 kiti cha Kambodia kwenye Umoja wa Mataifa kiliendelea kukaliwa na upande wa Pol Pot kwa miaka kadhaa. Halafu kuna ile ambayo wazee hawaitaji: ya jirani aliyewachongea, na ya nafsi yake mwenyewe kwa kubaki hai.

Kwa hiyo akifoka, msimwulize kwa nini amekasirika. Mwulizeni amemkasirikia nani. Swali hilo lina jibu, na akishamtaja mtu au chama, ile nchi yenyewe, yaani mto, wali, lugha na makaburi, inabaki pembeni bila kuguswa. Hela za kila mwezi zinakwenda huko. "Yamepita hayo" ni neno la kuepuka kabisa.

Kuhusu Aprili: Mwaka Mpya wa Khmer huanza tarehe 13 au 14 na huchukua siku tatu, kwa hiyo tarehe 17 inaingia ngoma zikiwa hazijapoa. Kilio hicho kina kalenda yake.

Jambo la afya msilipuuze. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 kuhusu Wakhmer wazima 490 wa Long Beach waliopitia utawala ule ulikuta asilimia 62 wana ugonjwa wa akili utokanao na mshtuko na asilimia 51 wana sonona, miongo miwili baada ya kufika Marekani. Mzee hatasema ana huzuni. Atasema upepo umempanda mwilini: kizunguzungu akiinuka, moyo kwenda mbio, shingo kukaza. Nyumbani watamkwangua mgongo kwa sarafu na mafuta hadi ngozi iwe na mistari myekundu. Mwelezeni daktari mapema, maana mistari hiyo imewahi kudhaniwa ni kipigo. Na mkalimani asiwe mjukuu. Mbele ya mtoto mzee huficha, na mtoto naye hupunguza anayoyasikia.

SWALI: Chama chetu kinataka siku moja ya kuwakumbuka waliokufa. Kamati imegawanyika kati ya 7 Januari, 17 Aprili na 20 Mei, na wawili wameshajiuzulu. Tuchague ipi? (Katibu, Long Beach)

JIBU: Januari 7 iacheni. Nchini ni sikukuu ya chama tawala, na ukumbini kwenu nusu ya watu walitoka kambi za mpakani zilizokuwa zikipigana na serikali iliyoingia siku hiyo. Mei 20 ilianzishwa na serikali hiyo hiyo mwaka 1984 kama siku ya kutunza hasira, watu wakikusanywa kwenye mashimo ya mauaji kusikiliza hotuba. Baadaye ikabadilishwa jina kuwa siku ya ukumbusho. Kihistoria inavutia, kwa sababu hakuna nchi nyingi zilizoiwekea hasira tarehe rasmi, lakini harufu ya siasa haijaisha. Aprili 17 inafaa kwa mihadhara na maonyesho ya picha, na vijana wengi wanaipenda. Ubaya wake ni kuwadhulumu wanaotaka kusherehekea mwaka wao kwa amani.

Sisi tungechagua Pchum Ben, kwa kuwa siku hizo ni za marehemu na hakuna chama kinachozidai. Ni siku 15 kati ya Septemba na Oktoba, mwezi ukipungua, na ya mwisho ndiyo kubwa. Familia hupokezana zamu za kulisha watawa hekaluni. Alfajiri, yapata saa kumi, watu hubeba matonge ya wali wa kunata uliochanganywa na ufuta, huzunguka hekalu mara tatu na kuyarusha gizani kwa mizimu yenye njaa. Giza ni sharti: mizimu hiyo huogopa mwanga, hivyo anayechelewa hadi kukicha amekosa. Inaaminika mzimu hutafuta ndugu zake katika mahekalu saba, na asipowakuta huwalaani. Ughaibuni hekalu huwa moja au mawili, basi watu huenda kwa siku tofauti na hilo hukubalika.

Kiini cha shughuli ni orodha ya majina. Familia huandika majina ya wafu wake, watawa huyasoma, kisha hufanya bangskol, sala ya maiti ambayo yaweza kufanywa hata pasipo mwili wala majivu. Kwa watu ambao ndugu zao walitupwa shimoni bila maziko, hapa ndipo hasira hupata pa kutua. Makosa huanzia kwenye orodha. Wengi walibadili majina na tarehe za kuzaliwa ili wapite mikononi mwa Khmer Rouge au wakubaliwe kambini. Andikeni jina alilopewa na wazazi, na la bandia mliweke kando. Aliyepotea bila habari, familia nyingi hukataa kumwandika kwa kuogopa kumuua kwa kalamu. Msiwalazimishe, wekeni karatasi ya pili ya waliopotea na mwambieni mtawa aisome kwa dua nyingine.

Na kama ukumbi ni wa kukodi, ulizeni kuhusu ving'ora vya moshi kabla ya kuwasha ubani. Zimamoto wakifika katikati ya bangskol, kamati itajiuzulu yote.

SWALI: Mama mkwe anamtafuta kaka yake, mwalimu, waliyeachana naye Phnom Penh mwaka 1975. Tunaanzia wapi? (Msomaji, Paris)

JIBU: Anzeni mezani kwenu, dada, kabla hamjamwandikia mtu. Andikeni jina kwa maandishi ya Khmer, kwa sababu tahajia ya herufi za Kilatini hubadilika kwa kila karani. Ukoo hutangulia, jina la mtu hufuata, na karatasi za Ulaya mara nyingi zimegeuza. Zaidi ya hapo, familia nyingi zilitumia jina la baba au babu kama ukoo, kwa hiyo baba na mtoto wake, hata ndugu wa baba mmoja, huweza kuwa na koo tofauti. Ongezeni mkoa, wilaya, kata na kijiji alichozaliwa, kazi yake, shule, jina la mke na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Waulizeni wazee pia kama alihamishwa mara ya pili: kuanzia mwishoni mwa 1975 watu wengi waliofukuzwa Phnom Penh walisombwa tena kupelekwa kaskazini-magharibi, Pursat na Battambang. Msitafute karibu na mji pekee.

Ndipo muziandikie taasisi tatu za Phnom Penh: Kituo cha Nyaraka cha Kambodia, kilichoanza mwaka 1995 na chenye mkusanyiko mkubwa wa hati za enzi ile, hifadhi ya makumbusho ya Tuol Sleng, iliyokuwa gereza la S-21, na Kituo cha Bophana, kilichofunguliwa mwaka 2006, kwa ajili ya filamu, picha na sauti.

Sasa yale ambayo familia huwa hazikuandaliwa. La kwanza, wengi mno waliokufa hawakuandikwa popote, na kutomwona kwenye orodha hakumaanishi lolote. S-21 ilipitisha zaidi ya watu 12,000, sehemu ndogo ya waliouawa nchini. La pili ni zito zaidi: wafungwa wengi wa S-21 walikuwa makada wa Khmer Rouge wenyewe, waliogeukwa na wenzao. Mkimkuta mjomba humo, huenda mkamkuta kama mtumishi wa utawala kabla hajawa mhanga wake, na mama mkwe atakuwa na mtu mmoja wa kumlilia na kumkasirikia kwa pamoja. La tatu, maungamo yaliyomo yalitolewa kwa mateso. Mkulima anakiri kuwa jasusi wa Marekani na wa Urusi kwa mpigo. Msiyasome kama wasifu. Picha za wafungwa nazo msimtumie mzee kwenye simu. Mwonyesheni ana kwa ana, mchana, kukiwa na mtu wa kukaa naye hadi jioni.

Kuhusu haki: mahakama maalumu iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa ilianza kazi mwaka 2006 na kutoa hukumu yake ya mwisho ya rufaa tarehe 22 Septemba 2022. Waliotiwa hatiani ni watatu tu: Kaing Guek Eav aitwaye Duch, mkuu wa S-21, pamoja na Nuon Chea na Khieu Samphan, viongozi wa juu wa Khmer Rouge, wote kifungo cha maisha. Fidia ilikuwa ya pamoja na ya heshima, kama makumbusho na elimu, bila pesa kwa mtu mmoja mmoja. Akija mtu kuwauzia fomu ya fidia, mfungieni mlango.

SWALI: Tuna hati ya nyumba ya babu, Phnom Penh, ya mwaka 1968. Tunaweza kuidai? (Msomaji, Melbourne)

JIBU: Hapana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2001 inasema wazi kwamba umiliki wa kabla ya 1979 hautambuliki. Khmer Rouge walifuta mali binafsi, na serikali zilizofuata zikaanza kuhesabu upya kwa aliyekuwa akikaa mahali. Aliyemo ndani ya nyumba ya babu huenda naye alifukuzwa kwake. Wakili anayewaahidi vingine anataka ada tu.

Kununua upya kunawezekana, ila ardhi ni ya raia wa Kambodia peke yao. Mgeni anaruhusiwa fleti, si ya ghorofa ya chini. Kosa kubwa ni kununua kwa jina la binamu, maana mbele ya sheria mwenye mali ni binamu, na undugu uliovumilia vita huvunjika hapo. Sheria ya Uraia ya mwaka 1996 inamhesabu kuwa raia wa Kambodia mtoto wa baba au mama mwenye uraia huo hata akizaliwa nje, kwa hiyo dawa ni kutafuta nyaraka za uraia kwanza. Mkinunua, daini hati iliyosajiliwa kwenye daftari la ardhi la taifa. Karatasi iliyogongwa muhuri wa kata ni rahisi zaidi kuipata na rahisi zaidi kuipoteza.

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Marekani. Naandika mtandaoni dhidi ya serikali ya Kambodia, na sasa mama anataka twende wote kwa mara ya kwanza. Niende? (Binti wa Wakhmer, Long Beach)

JIBU: Soma kwanza orodha hii, mdogo wetu, halafu uamue wewe na mama. Chama kikuu cha upinzani kilivunjwa Novemba 2017. Kumtukana mfalme ni kosa la jinai tangu 2018. Mwaka 2022 Theary Seng, mwanasheria mwenye uraia wa Marekani, alihukumiwa miaka 6 huko Phnom Penh. Pasipoti hiyo haikumzuilia gereza. Mwaka 2025 ikapitishwa sheria inayoruhusu kumvua uraia anayehesabiwa kushirikiana na wageni dhidi ya nchi. Anayeandika kwa jina lake halisi na kusomwa na wengi ajihesabu hatarini. Kufuta maandishi wiki ya safari hakusaidii. Na kumbuka mnaowaacha: wewe utarudi Long Beach, shangazi atabaki na mwenyekiti wa kijiji.

Mkienda, msianze na Tuol Sleng. Wageni hupelekwa huko siku ya kwanza, mama yako si mgeni. Aanze kijijini na hekaluni, akutane na walio hai, atoe sadaka kwa jina la waliokufa. Gereza baadaye, na akisema hataki, basi. Zawadi za pesa zipangeni kabla ya kupanda ndege: nani anapata kiasi gani, mwenye umri mkubwa kwanza, ndani ya bahasha, kwa mikono miwili. Dola zinapokelewa lakini ziwe safi, kwani noti iliyochanika kidogo tu hukataliwa. Kwa mahitaji madogo tumieni riel, pesa ya Kambodia. Dola moja ni kama riel 4,000. Ndugu wakianza kuisifu serikali mezani, kula wali. Wana sababu zao, na baadhi yake ni hizo hizo zinazokufanya wewe uandike.