Tanuri la gesi la asilimia 80 au 96?
Ndugu, umeuliza kama tanuri la kupashia nyumba joto lenye ufanisi wa asilimia 96 linastahili bei yake huko Minneapolis, Marekani. Kwa baridi ya huko ningelichukua, kwa kuwa hunasa hata joto la mvuke uliomo katika moshi, ambalo tanuri la asilimia 80 hulipoteza kupitia dohani. Mvuke huo hugeuka maji yenye asidi, hivyo litahitaji bomba la plastiki la kutolea moshi na njia ya kumwagia maji isiyoganda. Jambo ambalo mafundi wengine hulisahau ni hita ya maji ya gesi iliyokuwa ikitumia dohani moja na tanuri la zamani: ikibaki peke yake kwenye dohani hiyo, ambayo sasa ni pana mno kwake, moshi wake waweza kurudi ndani. Kuhusu ukubwa wa tanuri, dai hesabu ya joto linalopotea kupitia kuta, madirisha na dari. Usikubali makadirio ya macho.