Kabla hujaliosha hilo jiwe, andika kwao ni wapi

Jumamosi ya kwanza nilipoenda kwenye kikundi chetu cha wakusanya mawe hapa Arusha nilibeba kiroba kimejaa, mawe ya miaka sita yaani, nikayamwaga pale mezani nikitegemea watu wataanza kushangaa. Kulikuwa na mzee mmoja mstaafu, amefanya kazi migodini miaka mingi, sisi wote tunamwita Babu. Akachukua jiwe moja la kijani lenye madoa mekundu, akaligeuzageuza, akaniuliza, "Mwanangu, huyu kwao wapi?" Nikamwambia sikumbuki Babu, nadhani Longido, au nilipewa na mtu. Akachukua la pili, kwao wapi, sijui. La tatu, sijui. Akayarudisha mezani taratibu akasema, "Basi una wageni wengi nyumbani kwako na hujamuuliza hata mmoja anakotoka."

Ile kauli iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Na naandika leo maana karibu kila mwezi anakuja mtu mpya na kiroba kama changu, mawe yameoshwa yakang'aa, mengine yamepakwa mafuta, ila hayana historia, na hapo huwezi kumsaidia sana, ameshachelewa. Kwa hiyo wewe unayeanza sasa, ushauri wangu mkubwa ni huo: kabla hujaliosha, kabla hujalipiga picha ya kupost, andika.

Andika nini? Sisi tunatumia kaunta buku la kawaida kabisa. Namba, tarehe, kijiji, kisha maelezo ambayo mtu mwingine akiyasoma anaweza kurudi palepale, mfano korongo lililo nyuma ya shule, hatua kama mia kutoka kwenye daraja, upande wa kushoto ukiwa unapandisha. Halafu kitu ambacho wengi wanakisahau: jiwe lilikuwa limeshikana na mwamba au umelikuta limezagaa chini? Hiyo tofauti ni kubwa mno, maana jiwe la mtoni linaweza kuwa limesafiri na maji kilomita kibao na pale ulipoliokota sio kwao, ni kituo cha basi tu. Na pini ya ramani kwenye simu ni nzuri, weka, ila usiitegemee peke yake, mimi simu yangu ilizama kwenye ndoo ya maji na pini zote za mwaka mzima zikaenda nayo. Kaunta buku lipo mpaka leo.

Kwenye jiwe lenyewe weka tone dogo la rangi ya kucha nyeupe upande usiopendeza, ikikauka andika namba kwa peni ya wino usiofutika, afu juu yake pitisha rangi ya kucha ile isiyo na rangi. Haifutiki hata ukilishika kila siku. Na kwa kuhifadhi, trei za mayai. Sijaona kitu kizuri kama trei za mayai kwa mawe madogo, kila moja na shimo lake na hayagongani.

Sasa mtu atauliza, kwani kuna ulazima gani wa kujua kwao, si uzuri wa jiwe unauona kwa macho? Angalia tanzanaiti. Iligunduliwa Mererani mwaka 1967, na mpaka leo dunia nzima inachimbwa pale tu, eneo la kilomita chache. Kitaalamu ni aina ya madini yanayoitwa zoisaiti. Na lile jiwe la kijani lenye madoa mekundu la Longido, aina ya lile langu, ule ukijani wake nao ni zoisaiti, yaani ni ndugu kabisa wa tanzanaiti, ila huku Longido ina kromi ndo maana ikawa kijani, na Mererani ina vanadi ndo maana ya ubluu. Yale madoa mekundu ni rubi, na vile vidoa vyeusi ni honiblendi. Ukilishika karibu unaona rubi yenyewe haipitishi mwanga, nyekundu nzito kama damu iliyoganda, na kingo zake wakati mwingine zinatengeneza pembe sita. Ndugu wawili, mwendo wa saa chache kwa gari, tabia tofauti. Hiyo hadithi yote inakaa kwenye neno moja la daftarini, jina la mahali. Ukilipoteza, umebaki na jiwe la kijani.

Na kwa nini nasema kabla hujaliosha. Mwaka wangu wa pili kwenye kikundi nilipata bonge la magadi, yale yale tunayotia kwenye makande, ila hili lilikuwa halijapondwa, lina vijiti vyeupe vyembamba vimesimama pamoja kama brashi, vizuri ajabu, na mama aliyeniuzia sokoni akaniambia limetoka Ziwa Natron. Nikafika nyumbani, likawa na vumbi, nikaliweka kwenye beseni la maji nikaenda kula. Kurudi, beseni lina maji yenye ukungu na kipande kidogo kama kidole kimelainika. Jamani, nilijua magadi yanayeyuka, nayatumia jikoni tangu mtoto, ila kichwani nilikuwa nimeshaliweka kundi la "mawe" na mawe yanaoshwa. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza ni mswaki mkavu. Ukitaka maji, jaribu kwanza kwenye kipande kidogo kilichomeguka. Siki na ndimu ndo kabisa usiguse kama hujajua ni jiwe gani, maana mawe ya chokaa yanaliwa na asidi hivihivi unaona.

Watu wanadhani kazi za kikundi ni safari tu. Safari ni labda nne kwa mwaka. Jumamosi ninayoipenda mimi ni ile tunayoiita ya kokoto, tunakaa uani kwa mwenzetu mmoja anayejenga, kuna lundo la kokoto na mchanga, na kila mtu anachagua mawe matano anayajaribu. Vifaa havifiki hata elfu kumi: msumari, kipande cha kioo kilichopigwa msasa kingo, kigae, siki kwenye kifuniko cha soda, na sumaku ya spika mbovu. Jasi unaikwaruza kwa kucha. Kalsaiti kucha haiwezi ila msumari unaweza. Kwatsi msumari hauwezi, na yenyewe inakwaruza kioo, unasikia kabisa ule mlio wa krrr unaosisimua meno. Kigae unageuza nyuma, upande ule wa mavumbi usio na rangi, unaburuza jiwe na kuangalia mstari uliobaki. Hapo ndo pairaiti inaumbuka, juu inang'aa njano kama dhahabu lakini mstari wake ni mweusi wenye ukijani, wakati dhahabu mstari wake ni njano vilevile. Binti yangu wa miaka tisa anafanya hilo jaribio vizuri kuliko mimi. Na ile sumaku ukiivingirisha kwenye mfuko wa plastiki ukaichovya kwenye mchanga wa mto wa hapa kwetu, inatoka na ndevu nyeusi, ni magnetaiti, na mchanga wetu wa volkano unayo ya kutosha. Watoto wanaweza kucheza hiyo saa nzima bila kuulizia simu.

Nashauri uanze hivyo, na kokoto, miezi miwili mitatu kabla ya kwenda porini. Ukijua kutofautisha kwatsi na kalsaiti kwenye lundo la ujenzi, ukifika Makanya kule Same ukaona jasi, au Uluguru ukaona ulanga unabanduka karatasi kwa karatasi, macho yako yanakuwa yameshafunguka.

Kuhusu safari zenyewe, mambo ni machache ila hayana mjadala. Omba ruhusa, kila ardhi ina mwenyewe, na sisi tunaanzia ofisi ya kijiji hata kama tunaenda kuangalia korongo tu, tunasalimia, tunaeleza, mara nyingi wanatupa kijana wa kutuongoza na yeye ndo anatuonyesha vitu ambavyo tusingeviona. Ndani ya hifadhi usiokote kitu, hata kokoto. Viatu vya kufunika vidole. Ukigonga jiwe kwa nyundo vaa miwani, na gonga mbali na mwenzako, kipande cha kwatsi kinachoruka ni kisu. Vumbi la kwatsi nalo usilivute, ukitaka kukata au kusaga mawe tumia maji na barakoa, mapafu yakishaharibika hayarudi.

Na mashimo yaliyoachwa usiingie. Usiingie hata kidogo, hata kama mwenyeji anakwambia yeye huwa anaingia. Babu kwenye hili huwa anabadilika sura kabisa. Mwaka 1998 mvua kubwa ziliingiza maji kwenye mashimo ya Mererani na wanaapolo, yaani wachimbaji wa pale, wengi wakafia chini, na 2008 maji yakaingia tena watu wakafa tena, na hao walikuwa watu wa kazi wanaolijua shimo. Sisi tunaokuja Jumamosi na chupa ya maji na sandwichi tunatafuta nini mle. Mawe mazuri kwa mkusanyaji yapo juu, kwenye vifusi, kwenye kingo za makorongo baada ya mvua.

Visukuku nitaviongelea kwa kirefu kidogo kwa sababu hapa ndo watu wazuri kabisa wanakosea bila kujua. Ukiona mfupa uliogeuka jiwe, au jino, usiutoe. Kwanza sheria, Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964 na huruhusiwi kuchimba wala kuchukua bila kibali, Kenya nao wana yao ya 2006. Lakini hata kama sheria isingekuwepo bado ningekuomba uuache. Tarehe 17 Julai 1959 mtafiti Mary Leakey alikuta fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, pale Olduvai, na miaka miwili baadaye wataalamu wakaja kusema lina umri wa karibu miaka milioni 1.75. Walijuaje? Walipima majivu ya volkano ya tabaka lile lile lililokuwa nalo, hawakupima fuvu. Sasa fikiria kuna mtu aliyepita pale wiki moja kabla, akaliona, akalifurahia, akalitia mfukoni akaenda nalo Karatu. Fuvu ni lile lile, ila umri wake umebaki bondeni.

Au Tendaguru, kule Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, na wanaosema "Wajerumani walichimba" wanasahau kwamba waliokuwa na majembe na waliobeba ile mizigo kichwani mwendo wa siku nne mpaka bandarini Lindi walikuwa watu wetu, mamia, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyejua kufukua mfupa dhaifu bila kuuvunja. Ule mnyama mkubwa uliosimamishwa makumbusho ya Berlin, mrefu mita 13 na zaidi, sehemu kubwa ya mifupa yake wataalamu mpaka leo wanaiita S II, na hiyo S ni jina la shimo ilikotoka. Zaidi ya miaka mia, mnyama yuko ugenini, na bado kwao pameandikwa. Mimi nikiyawaza hayo naona kaunta buku langu sio mchezo wa watoto.

Kwa hiyo ukikuta kisukuku, piga picha kadhaa, moja ya karibu na kalamu pembeni kuonyesha ukubwa, moja ya mbali ionyeshe eneo lote, weka pini, andika, kisha toa taarifa ofisi ya kijiji au makumbusho iliyo karibu. Kwenye kikundi tunaiheshimu hiyo picha kuliko jiwe lolote la mezani. Na ukiwa na hamu ya kushika kisukuku kwa mkono wako, nenda pwani kwenye nyumba za zamani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, ukuta mzima umejaa, chokaa ikibanduka unaona zile nyota ndogo ndogo za tumbawe, wala huhitaji kuondoka na kitu.

Vito sasa. Kila mtu mpya ndani ya dakika kumi anauliza bei. Sina shida na biashara, mji huu unaishi kwa vito, ila ukija kwetu kwa ajili ya kutajirika utaumia na utatuumiza na sisi. Kuchimba kunataka leseni, kununua na kuuza kunataka leseni, na Mererani penyewe kuna ukuta wa kilomita zaidi ya 24 tangu 2018. Mawe ghafi ya thamani usinunue barabarani kwa kijana anayekunong'oneza. Kuna mwenzetu alinunua "grini gaineti", vito vya kijani vya bei, tatu kwa pesa ya ada ya mtoto, tukaziangalia kwa lenzi ya kukuza mara 10 tukaona ndani vipovu vya mviringo, vipo wazi kama kwenye soda. Ilikuwa chupa. Hatukumcheka, tulikaa naye kimya muda mrefu. Kama unataka kito kwa ajili ya mkusanyiko nunua kwa mwenye leseni, sokoni kwenye soko la madini, chukua risiti, na hiyo risiti ibandike kwenye daftari pembeni ya namba ya jiwe. Kusafirisha nje ya nchi hata zawadi, uliza kwanza ofisi ya madini.

Lile jiwe langu la kijani nililolimwaga siku ile bado ninalo. Mwaka juzi tulienda Longido na Babu, nikanunua jingine kwa mtu mwenye leseni, nikaona na mwamba wake, nikaandika kila kitu, ni namba 23. Nimeyaweka kwenye trei moja, mashimo mawili yaliyofuatana. Yanafanana mpaka mke wangu hawezi kuyatofautisha, rangi moja, madoa yaleyale. La kushoto lina tone jeupe na namba. La kulia nimejaribu mara mbili kulipa namba na mara zote mbili nimefika kwenye mstari wa "kijiji" nikafunga daftari.