Ukipanda Ziwa la Mlimani Majira ya Majani Kupukutika, Wanyama Wapishe

Mtu akiniomba ushauri kuhusu kupanda Milima ya Rocky kule Colorado, Marekani, mwezi wa tisa au wa kumi, swali lake la kwanza huwa ni ziwa lipi linapendeza kuliko yote. Nami humwuliza: utaondoka saa ngapi, na utageuka saa ngapi? Maziwa ya kule juu yote yanapendeza. Kinachoamua siku yako itakwendaje ni mwanga na wanyama, na katika majira haya vyote viwili vina haraka.

Haraka ya wanyama ndiyo wageni wengi hawaijui. Theluji iko njiani, na kila kiumbe mlimani kinajiandaa. Dubu mweusi anaweza kula hadi saa ishirini kwa siku ili anenepe kabla ya kulala usingizi wa majira ya baridi. Elki dume, jamaa wakubwa wa ayala, hawapumziki, wanapigania majike. Ndege wanafukia mbegu ardhini kwa maelfu. Sisi tunapanda tukiwa mapumzikoni, wao wako kazini, na kila mnyama anayekurupuka kwa sababu yetu anatumia nguvu aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya miezi ya njaa. Ukilielewa hilo, sheria za hifadhi hutaziona tena kama usumbufu.

Nitatumia njia ya Ziwa Mills, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, kwa sababu ndiyo ninayoipenda na ndiyo ninayompeleka mgeni wangu wa kwanza. Inaanzia Glacier Gorge, mita 2,800 na kidogo juu ya usawa wa bahari, inapanda taratibu kwa kilomita zipatazo 4.5, hadi unafika ziwani ukiwa umepita mita 3,000. Ziwa limepewa jina la Enos Mills, aliyeandika na kuhutubia kwa miaka mingi akidai milima hii ilindwe, hadi hifadhi ikatangazwa mwaka 1915. Mtu mwenye afya ya kawaida ataiweza njia hii, ila mapafu yatalalamika. Kwenye kimo hicho kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na pwani. Ukifika kutoka nchi za chini, lala usiku mmoja au miwili karibu na mlima kwanza, kunywa maji mengi, na kichwa kikianza kugonga pamoja na kichefuchefu, shuka. Usijikaze.

Kabla ya lolote, ulizia kibali. Tangu 2020 hifadhi imekuwa na utaratibu wa vibali vya kuingia kwa saa maalumu kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tano hadi katikati ya mwezi wa kumi, na barabara ya kwenda Bear Lake, unayopita kufika Glacier Gorge, ina kibali chake. Vinakwisha haraka, hasa wikendi za mwishoni mwa mwezi wa tisa ambapo miti ya aspeni inageuka rangi ya dhahabu. Chagua siku ya katikati ya wiki. Mbwa muache nyumbani, kwa sababu haruhusiwi kwenye njia za hifadhi.

Ondoka kungali giza. Ukiwahi, utapita kando ya uwanda wa nyasi wa Moraine Park kunapopambazuka, na hapo ndipo utakapomsikia elki. Dume lake lina uzito wa kilo mia tatu na zaidi, na pembe kubwa zenye matawi. Mlio wake huanzia chini kifuani, hupanda ukawa mluzi mwembamba unaojaza bonde zima, kisha humalizikia kwa mikoromo mifupi. Mara ya kwanza nilipousikia kwa karibu nilizima injini, nikafungua kioo, na sikuthubutu kusema neno. Dume lilikuwa limesimama katikati ya majike yake, mvuke ukimtoka puani, vipande vya nyasi na matope vikining'inia kwenye pembe zake baada ya kuchimba ardhi. Dume la pili lilipojibu kutoka ukingo wa msitu, la kwanza lilitembea kuelekea sauti ile polepole sana, shingo chini.

Kaa ndani ya gari au kando ya barabara palipotengwa. Mwezi wa tisa na wa kumi hifadhi hufunga nyanda hizo kwa watembea kwa miguu kuanzia jioni hadi asubuhi, na kuna sababu: dume lenye wivu halitofautishi mpinzani wake na mtu mwenye kamera. Kisheria unatakiwa uwe mita 23 au zaidi kutoka kwa elki na kondoo wa milimani, na mita 36 kutoka kwa dubu na musi, yule ayala mkubwa nitakayemweleza baadaye. Nani anatembea na futi ya kupimia? Nyoosha mkono, inua kidole gumba, fumba jicho moja. Kidole kisipomfunika mnyama mzima, uko karibu mno. Mimi naongeza kipimo kingine ambacho hakijawahi kuniangusha: akiacha alichokuwa anafanya na kuanza kukuangalia wewe, rudi nyuma hata kama kidole kinamfunika.

Kuhusu mavazi sitakaa sana. Vaa tabaka tabaka, usivae pamba mwilini kwa kuwa ikilowa jasho haikauki na baridi huingia hapo hapo, beba koti la kuzuia upepo na mvua, kofia ya sufu, glavu, tochi ya kichwani na chupa ya chai ya moto. Joto hupungua nyuzi sita hivi kwa kila mita elfu unazopanda, na mlimani jua la asubuhi linaweza kugeuka theluji mchana. Mwezi wa kumi ongeza meno ya chuma ya kuvalisha viatu, maana sehemu za njia zilizo kivulini huganda na kuteleza vibaya.

Njia yenyewe hupita kwanza kwenye miaspeni. Tembea hapo bila haraka. Majani yake yana vikonyo bapa, kwa hiyo hata upepo usiousikia shavuni unayatikisa yote kwa pamoja. Ukipita maporomoko ya Alberta watu hupungua, kwa kuwa wengi huishia hapo kupiga picha, na baada ya muda si mrefu unafika kwenye marundo ya mawe makubwa yaliyoporomoka kutoka juu. Hapo keti. Najua utakuwa na hamu ya kufika, lakini keti dakika kumi, unyamaze.

Utasikia mlio mfupi, mkali, kutoka mahali usipopaona. Huyo ni pika, jamaa wa sungura, mdogo wa kutosha kukaa kiganjani, masikio ya duara, hana mkia unaoonekana. Yeye halali usingizi wa majira ya baridi. Anaishi chini ya mawe na theluji miezi yote hiyo akila majani aliyokausha mwenyewe. Niliwahi kumtazama mmoja akienda na kurudi kati ya kijani kilichokuwa kando ya njia na jiwe langu la jirani, kila safari akirudi na mabua yametokeza pande zote mbili za mdomo kama masharubu. Aliyaingiza chini ya jiwe, akayasukuma kwa pua, akapotea, akatokea tena. Alinipita karibu na kiatu bila kunijali. Mtu akipita anaongea kwa sauti kubwa pika huzama mawe, na kazi ya asubuhi husimama. Kwa hiyo kwenye mawe nyamaza, na usiyakanyage wala kuyapindua kutafuta ghala lake.

Msituni fanya kinyume. Ongea, hasa kwenye kona na karibu na maji yanayovuma, ili dubu akusikie mapema aondoke zake. Colorado imebaki na dubu weusi tu. Ukimwona, simama, mwambie kwa sauti tulivu kwamba upo, rudi nyuma polepole, usikimbie, mwachie nafasi ya kuondoka. Watoto wasitangulie mbele peke yao, kwa sababu puma, paka mkubwa wa porini, naye anaishi humu.

Wa kuogopwa zaidi kwangu ni musi. Ndiye mkubwa kuliko wote wa jamii ya ayala, miguu mirefu, pua iliyoshuka, na sura ya upole inayodanganya watu. Anapenda vichaka vya mito na kingo za maziwa, yaani palepale unapotaka kupumzika. Naye huwa katika msimu wa kupandana mwezi wa tisa na wa kumi. Masikio yakilala nyuma, nywele za mgongoni zikisimama, akianza kulambalamba midomo, usingoje. Hapa ushauri wa dubu haufai: kwa musi kimbia, uweke mti mkubwa au jiwe kati yako na yeye. Akiwa amesimama katikati ya njia, subiri kwa mbali au zunguka mbali sana. Nimewahi kugeuza safari kwa sababu ya jike na ndama wake, na ningefanya hivyo tena kesho.

Karibu na ziwa njia hupanda juu ya miamba iliyolainishwa na barafu ya kale, na virundo vidogo vya mawe ndivyo vinavyokuelekeza. Usivibomoe, usijenge vyako. Kisha maji yanatokea, marefu na membamba, na mlima wa Longs wenye mita 4,346 ukiwa juu ya bega lako la kushoto. Kula, pumzika, ila hata ganda la tunda lirudi nalo begini. Ndege na vichakuro watakujia hadi magotini wakiomba. Kuwalisha ni kosa kisheria, na anayezoea chakula chako leo ataacha kuweka akiba yake. Haja kubwa, nenda mita 60 au zaidi kutoka majini.

Geuka kabla ya saa nane mchana, hata kama njia inaendelea kwenda Ziwa Black na mguu unataka. Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea jua linalozama saa ileile mwaka mzima. Kule, wakati huu wa mwaka, mchana hupungua dakika mbili na nusu hivi kila siku, na ndani ya korongo jua hujificha nyuma ya ukuta wa mlima saa kadhaa kabla ya machweo. Barafu iliyoyeyuka juu ya jiwe saa sita huganda tena saa kumi.

Ukishuka kwa gari, nenda taratibu. Jioni elki hushuka tena nyandani na huvuka barabara bila kutazama. Akipita mmoja, subiri, maana nyuma yake kuna wengine. Ukitaka kumwangalia, egesha pembeni kabisa palipotengwa, na usimpigie honi.