Kitenzi kimoja, maana mbili zinazopingana: namna ya kukisoma "cleave"

Kwa anayetafsiri kutoka Kiingereza, vipo vitenzi vinavyojitokeza kwa nadra sana, lakini kila vikija vinakusimamisha kalamu. "Cleave" ni kimojawapo. Ukikitafuta kwenye kamusi utaambiwa ni kupasua, kuchanja, kutenganisha. Ukishuka chini kidogo utaambiwa ni kuambatana, kugandamana. Wanafunzi wengi niliowahi kuwaonyesha jambo hili hudhani kamusi imekosewa. Haijakosewa. Ila ushauri wangu ni kwamba kitenzi cha namna hii usikiendee na kamusi kwanza. Kiendee na neno linalokifuata.

Kikifuatwa papo hapo na "to", au "unto" katika Kiingereza cha zamani, ni kuambatana. Kikichukua yambwa, yaani kile kinachotendwa, moja kwa moja, ni kupasua. Maandishi ya baiolojia yana mifano mizuri, maana huko kitenzi hiki bado kiko hai. "The enzyme cleaves the protein": kimeng'enya kinaikata protini. "The protein cleaves to the membrane": protini inagandamana na utando. Tofauti yote imebebwa na kineno cha herufi mbili, tena kineno ambacho jicho linaposoma haraka hukipita kama halikukiona.

Sisi hasa ndio tunaoponzwa hapa. Kiswahili kinaweka kinyume kwenye mkia wa kitenzi chenyewe: bandika na bandua, ziba na zibua, funga na fungua. Tumezoea kwamba kitenzi kikiisha, habari imekamilika. Katika Kiingereza lazima usogee hatua moja zaidi ndipo uhukumu.

Kanuni hii ina mitego miwili. Wa kwanza ni "to" inayotangulia, kama katika "a blade made to cleave wood". Hiyo ni alama tu ya kitenzi-jina, sawa na "ku-" yetu, wala haihusiani na kuambatana. Wa pili utaukuta kwenye masimulizi ya vita vya mapanga: "he cleft him to the chin". Hapo "to" ipo, na bado mtu kapasuliwa, kichwa hadi kidevuni. Angalia lakini kilichokaa katikati: "him". Yambwa imeshaingia, kwa hiyo "to" imebaki na maana ya "hadi" tu. Nikishatazama kilicho mara baada ya kitenzi, ni nadra sana kubaki na shaka.

Anayetaka kuziona maana zote mbili katika kitabu kimoja aifungue Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James. Mwanzo 22:3 inamweleza Ibrahimu akijiandaa kwa safari ya Moria, na inasema "clave the wood". Ruthu 1:14, baada ya Orpa kumbusu mkwewe na kuondoka, inasema Ruthu "clave unto her". Umbo ni lilelile, "clave", wakati uliopita wa zamani ambao leo haupo tena midomoni mwa watu. Biblia ya Kiswahili haina utata wowote: Ibrahimu akachanja kuni, Ruthu akaambatana naye. Mimi huwaambia wanaoanza kutafsiri wasome aya hizi kwa lugha zote mbili, bega kwa bega, kabla ya kugusa maelezo yoyote ya sarufi.

Inakuwaje kitenzi kimoja kijipinge? Jibu ni kwamba si kimoja. Kiingereza cha kale kilikuwa na "clēofan", kupasua, na "clifian", kunata. Matamshi yakasogeleana karne baada ya karne hadi vikagongana. Kiholanzi, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kiingereza, kimeviacha mbalimbali mpaka leo: "klieven" ni kupasua, "kleven" ni kunata. Kwetu pia homonimu, maneno ya umbo moja yenye maana tofauti, zipo. Ndege anapaa, na mwenye kisu anapaa samaki magamba, na hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu muktadha unamaliza kazi. Mwingereza naye hachanganyikiwi. Anayehangaika ni mgeni aliyejifunza neno hili kutoka kwenye orodha ya msamiati, likiwa peke yake, limekatwa kutoka kwenye sentensi.

Katika maana ya kupasua, mimi sipendi sana kutumia "kukata" pale ninapokuwa na hiari. "Cleave" ni kupasua kwa kufuata mkondo wa kitu chenyewe. Kuni huchanjwa kufuata nyuzi zake. Ukikata kinyume cha nyuzi, hiyo ni kazi ya msumeno. Wanajiolojia hulitumia neno "cleavage" kwa maana hiyohiyo: ulanga hubanduka tabaka baada ya tabaka kwa sababu ndivyo ulivyojengeka ndani. Wachonga almasi nao walifanya vivyo hivyo. Mwaka 1908, mjini Amsterdam, Joseph Asscher alipewa kazi ya kuipasua almasi ya Cullinan, iliyopatikana Afrika Kusini mwaka 1905 ikiwa na karati zaidi ya 3,100. Kazi ya aina hiyo huanza kwa kuchimba mfuo mwembamba kwenye jiwe, kisha ubapa wa chuma unawekwa ndani ya mfuo, kisha unagongwa. Ukiwa umeusoma vizuri mkondo wa jiwe, linaachana safi. Ukiwa umekosea, linavunjika ovyo. Kitenzi kinachofaa hapo kwa Kiingereza ni "cleave", na "cut" haitoshi.

Maumbo ya wakati uliopita ndiyo yanayowachosha watu zaidi. Maana ya kuambatana ni rahisi: leo ni "cleaved" basi. Maana ya kupasua ina "cleaved", "cleft", "clove" na "cloven", na usijaribu kuyapanga kwa kanuni. Yajifunze pamoja na nomino zake. Kwato za ng'ombe na mbuzi, zilizogawanyika kati, ni "cloven hooves". Mdomo sungura ni "cleft lip", na kaakaa lililopasuka ni "cleft palate". Huwezi kuyabadilishana, ukisema "cloven lip" utaeleweka, lakini utasikika wa ajabu. Aliye "in a cleft stick" kabanwa pande zote, kila njia ina hasara yake. "Clove" kama kitenzi kimebaki kwenye hadithi.

Na hapo kuna la pembeni kidogo. "Clove" ya kitunguu saumu, yaani punje yake moja, inatokana na ukoo huu wa kupasua. "Clove" ambayo ni karafuu haihusiani kabisa: ile imetoka kwenye neno la Kifaransa la msumari, "clou", kwa sababu ya umbo lake. Nimewahi kuona watu wazima wakibishana kwa hili kwa muda mrefu, na kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli.

Je, ukitumie kitenzi hiki unapoandika mwenyewe? Katika barua ya kazi, hapana. "Stick to", "adhere to" au "split" vitakuhudumia bila kumfanya msomaji asimame. Katika makala ya kemia au baiolojia, kitumie bila hofu kwa maana ya kukata vifungo vya molekuli, kwani ndilo neno la fani. "Cleave to" ina harufu ya madhabahu na viapo vya ndoa. Inafaa unapozungumzia watu wanaoshikilia mila au imani kwa uzito, na inachekesha ukiitumia kwa gundi. Ukilazimika kuandika wakati uliopita na huna uhakika, andika "cleaved". Inakubalika kwa maana zote mbili.