Yamane alifika Temeke? Nilivyobanwa na paneli kwenye chapta ya tatu

Juzi mdogo wangu mmoja anayesoma masters kanitumia chapta yake ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, WhatsApp, saa nne usiku, ati dada nipitishie macho haraka kesho nadifendi proposo mbele ya paneli ya watahini. Nikafungua ukurasa wa kwanza nikacheka peke yangu kitandani, maana ilikuwa chapta yangu mimi kabisa, ya enzi zile nilipotoka chumba cha paneli natafuta pa kulilia. Sio kwamba kaniibia, hajawahi hata kuiona. Ni kwamba wote tunanakili kwa waliotutangulia ambao nao walinakili kwa waliowatangulia, ukichomoa tasnifu kumi maktaba utakuta aya ileile, Kothari (2004) anasema hivi, Yamane (1967) anasema vile, ndio waandishi wa vitabu vya utafiti na takwimu ambao kila mtu anawataja, mpaka koma zimekaa palepale.

Nikamwambia lala, ila kesho watakubana na hapa na hapa. Wakambana kweli. Sasa nimeona badala ya kumwelezea kila mtu kwa voisi noti za dakika tisa, bora niandike mara moja.

Mimi utafiti wangu ulikuwa wa mama lishe, nilitaka kujua kwa nini wengi wao wakishasajiliwa lipa namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu, wanaiacha ukutani kama pambo, wanaendelea kupokea hela kwenye namba yao ya kawaida ya simu. Mada naipenda mpaka leo. Kwenye proposo nikaandika kwamba kwenye soko lile la Temeke kuna mama lishe 340, nikatia fomula ya Yamane ya kutafuta idadi ya wahojiwa, kosa la kukadiria la asilimia 5, nikapata 184. Nikaipigia na bold. Nilijiona msomi.

Prof mmoja, mzee mpole tu, akavua miwani akaniuliza, "Hii 340 umeipata wapi binti?"

"Kwa mwenyekiti wao, Prof."

"Ana orodha?"

"Hapana Prof, alikadiria. Alisema kama mia tatu arobaini hivi."

"Kwa hiyo yeye kasema 'hivi', halafu wewe ukapata 184 kamili. Sio 183, sio 185."

Watu wakaanza kucheka chinichini. Mimi nikajitetea kwa silaha niliyokuwa nayo, nikasema lakini Prof, ni kwa mujibu wa Yamane (1967). Akaniangalia kwa huruma kweli. "Yamane alifika Temeke?"

Nilikasirika wiki nzima. Nilipotulia ndio nikakaa chini kuitazama ile fomula kwa mara ya kwanza, maana kabla ya hapo nilikuwa naijaza tu kama fomu ya benki. Jamani ile fomula imebeba mambo ndani yake kimyakimya. Ni n sawa na N gawanya kwa 1 kujumlisha N mara e ya kipeo cha pili, n ni wahojiwa wako, N ni watu wote, e ni lile kosa, si ndio? Hiyo fupi fupi hivyo imefupishwa kutoka fomula ndefu zaidi. Ndani yake wamechukulia kwamba unachotafuta ni asilimia ya watu wenye jambo fulani, kwamba hujui asilimia hiyo kwa hiyo unaweka nusu kwa nusu, na kwamba unataka uhakika wa asilimia 95 ambapo ile 1.96 wameizungusha ikawa 2. Sasa 2 mara 2 ni 4, 0.5 mara 0.5 ni 0.25, zidisha unapata 1. Ndio maana huvioni, vimejificha kwenye moja. Na juu ya yote hayo lazima wahojiwa wako uwachague kwa bahati nasibu, na bahati nasibu bila orodha unaichezeshaje? Mimi nilipanga kupita mezani kwa meza namkuta nani hayuko bize. Hiyo sio bahati nasibu, hiyo ni matembezi. Na usidhani ukikimbilia jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, lile lenye idadi za wahojiwa zilizokokotolewa tayari, ndio umepona, kwa watu 340 linakupa 181, tofauti ya watu watatu tu, na swali la orodha linakusubiri palepale mlangoni.

Mimi ndio maana siku hizi nawaambia watu swali la paneli sio ulifanya nini, walishasoma. Wanauliza kwa nini hivi na sio vile. Na jina la mwandishi na mwaka sio jibu la kwa nini. Kitabu kinakuambia mahojiano yanafaa kwa nini kwa ujumla. Kwa nini yalifaa kwa wale wamama, pale, mwaka ule, jibu unalo wewe kwenye viatu vyako.

Langu nililipata kwa aibu vilevile. Supavaiza akaniambia kabla hujabadilisha chochote nenda kajaribu hilo dodoso lako. Nikazungusha barua, chuo, mkoa, wilaya, mpaka kwa mtendaji wa kata, mihuri imejaa mpaka pembeni, na mtendaji kwa wema wake akanipa kijana wa kunisindikiza. Kosa kubwa lilikuwa hilo! Nimefika na karatasi yenye mihuri, nimeongozana na mtu wa ofisi, nauliza habari za hela kwenye simu. Unadhani watu walifikiria nini? TRA huyo, mtu wa kodi. Mama wa kwanza alifunika sufuria, akaniambia yeye hapo anamshikia dada yake tu.

Kesho yake nikarudi peke yangu, saa kumi jioni wakiwa wanaosha vyombo, nimevaa kandambili. Nikapata 11 wa kujaza. Nyumbani kuzipitia, tisa wameweka tiki "nakubali" kuanzia swali la kwanza mpaka la mwisho, na mle ndani nilikuwa nimetega maswali mawili yanayopingana, moja linasema lipa namba inanisaidia na lingine linasema hainisaidii. Wamekubali yote. Nilipomrudia mmoja kumuuliza akacheka, "Mwanangu, hiyo karatasi yako ndefu kuliko foleni ya wateja wangu. We weka tiki unavyotaka, Mungu akusaidie ufaulu." Halafu akanipa ndizi na maharage, na tunakula ndio akaanza kunieleza mwenyewe, bila swali, kwamba hela ya lipa namba kuitoa ni mzunguko wakati ya kwenye simu anaituma kwa mwuza mchele hapohapo, na kwamba ile namba mume anaijua. Dakika arobaini. Hakuna kiboksi cha tiki kingebeba yale maneno.

Nikampigia supavaiza nimekata tamaa, nikamwambia Dokta dodoso limekufa. Akasema, "Halijakufa, hiyo ndiyo jastifikesheni yako. Iandike."

Toleo la kwanza la sentensi yangu lilikuwa (naileta kwa Kiswahili, ripoti ilikuwa ya Kiingereza): utafiti huu ulitumia mahojiano kwa sababu mahojiano humwezesha mtafiti kupata taarifa za kina, Kothari (2004). Nina kipimo kimoja cha sentensi za namna hii. Ichukue uipeleke kwenye tasnifu ya mtu anayetafiti muhogo. Ikikaa vizuri bila hata kujigusa, basi hujasema kitu. Toleo la mwisho likawa, dodoso lilijaribiwa kwa mama lishe 11, tisa wakakubali kila kauli pamoja na kauli mbili zinazopingana, na mazungumzo ya baadaye yakaonyesha karatasi inahusishwa na ukaguzi wa kodi, hivyo mahojiano ya ana kwa ana baada ya saa za biashara yakachaguliwa. Hiyo ipeleke kwenye muhogo uone.

Na usisahau kusema ulichokikataa, hapa watu wengi wanapitiwa. Paneli ingeniuliza mbona hukuwakalisha wamama kwenye kundi wakajadili, ungemaliza kwa siku mbili. Kwa sababu wako kikoba kimoja na wanagombania wateja walewale, nani atasema mbele ya mwenzake anaingiza shilingi ngapi? Sentensi mbili tu hizo, na swali linafia njiani. Halafu kubali mipaka yako mwenyewe kabla hujakubalishwa. Nilihoji 23, nikaandika wazi kwamba 23 hawasemei Dar es Salaam nzima na wala sikuwa natafuta asilimia. Ukishasema hivyo hakuna wa kukuuliza Yamane yuko wapi.

Ila hiyo 23 nayo ilitaka maelezo, na hapo ndipo nilipojifunza kitu kuhusu rifarensi. Kila mtu anayefanya mahojiano anaandika kwamba 12 zinatosha, Guest na wenzake (2006). Na mimi nikaiweka, kwa kuiokota kwenye ripoti ya mtu. Siku moja bando lipo nikasema ngoja niisome yenyewe. Kumbe wale walihoji wanawake 60, Ghana na Nigeria, wakaona baada ya 12 za mwanzo mambo mapya yamepungua sana, na wenyewe wanatahadharisha kwamba wahojiwa wao walikuwa wanafanana na swali lao lilikuwa finyu. Sasa wangu walikuwa makundi mawili, wanaoitumia lipa namba na walioitelekeza. Kwa hiyo ile makala niliyokuwa naitumia kusema 12 zinatosha ndiyo iliyonionyesha kwamba kwangu huenda hazitoshi, nikaenda mpaka kila kundi lilipoanza kurudia yaleyale. Rifarensi ileile, lakini sasa inafanya kazi.

Vivyo hivyo kwenye uchambuzi. Braun na Clarke (2006), hatua sita za kuchambua mahojiano kwa mada, kila mtu anazitaja. Mimi nikaandika "mada ziliibuka kutoka kwenye data". Mtahini akanikalia, ziliibuka zenyewe kama nguva? Na kumbe wale mabibi wenyewe kwenye makala hiyohiyo wanaulalamikia usemi huo, kwamba unamficha mtafiti ambaye ndiye aliyechagua. Nilikuwa nawanukuu watu kwa kufanya jambo wanalolikataza, aibu iliyoje. Dawa yake ni kuweka jedwali dogo, maneno ya mama yalivyo, lebo fupi (code) uliyoyapa, mada uliyoyaweka, mtu afuate nyayo.

Kuhusu kitabu ambacho hukukishika mkononi, kuwa mkweli tu. Yamane 1967 mimi sijawahi kukiona mpaka leo, na nilipowekwa kwenye kona nilishindwa kusema hata kina rangi gani. Kama umeisoma kwa mtu mwingine andika Yamane kama alivyonukuliwa na fulani, na kwenye orodha ya mwisho unamweka huyo fulani uliyemsoma, sio Yamane. APA, ule mtindo wa kuandika rifarensi, ndio inavyotaka. Haikupunguzii maksi. Kinachokupunguzia ni mtahini anayekijua kitabu.

Na hizi programu za akili mnemba, sikatazi, hata mimi natumia kunyoosha Kiingereza, ila usizitume zikutafutie rifarensi halafu ukabandika hivyohivyo. Zinatunga. Zinakutungia jina la mwandishi linaloelekea, jarida lililopo kweli, mwaka, mpaka kurasa. Rafiki yangu alibofya DOI moja (ile linki ya kudumu ya makala) aliyoletewa ikamfungulia makala ya mambo ya samaki, na yeye anasoma uongozi wa elimu. Kila mstari kwenye orodha yako ufungue kwa mkono wako, kama haufunguki na maktaba hawaujui, futa na sentensi iliyoegemea hapo ifikirie upya.

Zotero, ile programu ya kupanga rifarensi, itakuokoa sana lakini nayo ina ujinga wake, ukiijazia jina la taasisi kwenye visanduku viwili vya jina la mtu inaligawanya, ripoti ya sensa ya 2022 ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwangu ilitoka imeandikwa na "Takwimu, O. ya T." Bwana Takwimu! Kuna kitufe pembeni ya jina cha kuligeuza liwe kisanduku kimoja, bofya hicho. Na majina yetu ya Kitanzania yaangalie kwa macho, huwa yanageuzwa kichwa chini. Mambo ya nukta na italiki yaache mwisho, hayo ni ya jioni moja.

Kitu ambacho sikukifanya na kilinigharimu ni namba ya kurasa. Siku unanukuu maneno ya mtu kama yalivyo, andika ukurasa papohapo, hata kwenye kiganja. Kwenye marekebisho ya mwisho kabisa, baada ya difensi nimefaulu, nimeshapokea na pongezi za familia, mtahini wa nje alikuwa ameweka alama moja ya kalamu nyekundu pembeni ya nukuu: ukurasa? Kitabu nilisharudisha. Nikapanda daladala mbili na mvua, kufika maktaba kimeazimwa, nikarudi Ijumaa, kimerudishwa lakini kiko kwenye toroli hakijapangwa, dada wa kaunta akanihurumia akaniruhusu nichakure mwenyewe. Nikasimama pale na mwavuli unachuruzika, nikapekua mpaka nikaipata. Ilikuwa ukurasa wa 112, na neno moja nilikuwa nimelinukuu vibaya.